Waadara wa Nijeria na Lugha Yao



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike makala kwa ajili ya sehemu ya Kiswahili, akaniachia nichague habari niipendayo. Nimechagua kuwaeleza habari za watu waitwao Waadara, wakaao Nijeria, na lugha yao. Najua wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Mimi nami sikulisikia mpaka mwaka 2017, na siku nilipolisikia nilikuwa nimekwisha kumkosea mwenye jina hilo kwa muda wa miezi mitatu.

Ilikuwa hivi. Nilipotoka shule hii mwishoni mwa mwaka 2016, nilikwenda Kampala kuendelea na masomo. Katika nyumba tuliyopanga, chumba cha pili alikaa kijana kutoka Nijeria, mpole, mwenye bidii ya kusoma. Jioni tulikuwa tukipika pamoja. Kila alipozungumza na kaka yake kwa simu alisema Kihausa, nasi wote tukamwita Mhausa. Askari wa lango akamwita Mhausa, mama mwenye nyumba akamwita Mhausa, nami hali kadhalika. Usiku mmoja tulipokuwa tukimenya matoke aliniambia, bila hasira, "Mimi si Mhausa. Mimi ni Mwadara."

Nikamwuliza, "Mbona lugha uisemayo ni Kihausa?"

Akajibu, "Na wewe unayesema Kiswahili na askari kila siku, je, ni Mswahili wa Mombasa?"

Nikanyamaza, maana mimi ni Mtooro wa Fort Portal, na Kiswahili nilijifunza hapa shuleni. Kisha akaniambia kwamba Wahausa huwaita watu wake Kadara. Hapo nilicheka, nikamweleza kwamba kwa Kiswahili kadara ni majaliwa atoayo Mwenyezi Mungu. Naye akacheka sana, akasema, "Basi ninyi mniite Mwadara, kwa maana hiyo kadara mimi sikupewa na Mungu, nilipewa na jirani."

Tangu usiku huo nilianza kuuliza na kusoma. Haya nitakayowaeleza ndiyo niliyoyapata.

Nchi yao

Waadara wanakaa karibu na katikati ya Nijeria, kusini ya mji mkubwa wa Kaduna. Walio wengi wamo katika wilaya za Kachia, Kajuru na Chikun, ambazo ni sehemu za Jimbo la Kaduna. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, katika Jimbo la Niger. Miji na vijiji vyao vinavyojulikana ni kama Kachia, Kufana, Maro, Rimau, na Kasuwan Magani. Jina hili la mwisho ni la Kihausa, na maana yake ni "Soko la Dawa". Msomaji aone tangu sasa jambo moja: hata kijiji kilichomo katika nchi ya Waadara kinaitwa kwa lugha ya wengine.

Nchi yenyewe ni ya nyasi na miti, yenye vilima vya mawe hapa na pale. Mvua hunyesha kwa miezi kama sita, kisha huja kiangazi kikali pamoja na upepo mkavu utokao jangwa la Sahara, uletao vumbi jembamba lifunikalo kila kitu. Wenyeji ni wakulima. Wanalima mtama, mahindi, viazi vikuu, maharage ya soya, na nafaka ndogo sana iitwayo acha. Lakini zao la fedha katika sehemu hizo ni tangawizi. Sehemu ya kusini ya Jimbo la Kaduna, Kachia ikiwamo, ndiyo kitovu cha kilimo cha tangawizi katika Nijeria nzima, nayo tangawizi hiyo huuzwa mpaka nchi za ng'ambo. Mwaka 2023 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani ukaozesha mimea mingi, na wakulima wengi wakapata hasara kubwa. Sisi tulioona mnyauko wa migomba kwetu twaweza kufahamu uchungu wake.

Watu wamekaa katika nchi hizo tangu kale sana. Kusini mashariki, katika jimbo lile lile la Kaduna, kiko kijiji cha Nok. Mwaka 1928 wachimbaji wa madini ya bati walifukua huko sanamu ya udongo wa kuchoma. Baadaye, katika miaka ya 1940, mtaalamu aitwaye Bernard Fagg alionyeshwa kichwa kizuri cha sanamu ambacho mkulima alikuwa amekiweka shambani kutishia ndege! Sanamu hizo zina umri wa miaka zaidi ya 2000, na walioishi huko wakati huo walijua pia kuyeyusha chuma.

Majina yaliyotolewa na wengine

Waadara si peke yao walioitwa jina wasilolichagua. Majirani zao wengi wa kusini ya Kaduna wana majina mawili, moja lao wenyewe na moja la Kihausa. Watu wajiitao Atyap huitwa Kataf. Wajiitao Bajju huitwa Kaje. Wajiitao Ham huitwa Jaba. Serikali ya wakoloni ilipokuja ilikuta wakalimani wanaojua Kihausa, ikaandika majina hayo ya Kihausa katika vitabu na ramani, na yaliyoandikwa yakakaa. Ndiyo sababu mtu akitafuta lugha hii katika vitabu vya zamani ataikuta chini ya jina la Kadara.

Mtu aweza kusema, "Jina ni kitu gani? Mtu ni yule yule." Lakini fikirini: mwalimu mgeni akija hapa akakuita kwa jina la mwenzako mwaka mzima, nawe ukiitika kwa sababu ya adabu, je, moyoni umeridhika?

Ukitaka kuona kwamba watu hawa wa kusini ya Kaduna wana undugu wao mbali na Wahausa, tazama jina la mtawala. Kwa Kihausa mtawala ni sarki. Lakini mkuu wa Waadara huitwa Agom Adara. Mkuu wa Bajju huitwa Agwam Bajju. Na mkuu wa Atyap huitwa Agwatyap. Agom, agwam, agwa: hata sikio lisilofundishwa lasikia kwamba haya yanafanana, na kwamba sarki ni mgeni kati yao.

Undugu wa lugha, na mtego wake

Sasa nafika katika jambo lililonifurahisha kuliko yote. Jioni moja mimi na rafiki yangu tulianza kutafuta maneno yanayofanana katika Kihausa na Kiswahili. Tulipata mengi upesi. Sisi husema habari, Wahausa husema labari. Sisi dunia, wao duniya. Sisi wakati, wao lokaci. Sisi baraka, wao albarka. Sisi afya, wao lafiya. Tulipofika kwenye hesabu nilishangaa zaidi, kwa kuwa ishirini kwao ni ashirin, thelathini ni talatin, na hamsini ni hamsin. Nikasema kwa furaha, "Kumbe Kihausa na Kiswahili ni ndugu!"

Nilikosea. Maneno hayo yote ni ya Kiarabu. Wahausa waliyapata kwa dini ya Kiislamu na kwa misafara ya biashara iliyovuka jangwa. Watu wa pwani yetu waliyapata kwa dini hiyo hiyo na kwa majahazi yaliyovuka bahari. Ni kama majirani wawili waliokwenda kwenye duka moja. Mkiona wote wawili wamevaa mashati ya kitambaa kimoja, msidhani wamezaliwa na mama mmoja.

Basi undugu wa lugha hutambulikanaje? Wataalamu hutazama maneno ambayo watu hawaazimi kwa urahisi, kama vile majina ya viungo vya mwili na hesabu ndogo ndogo, tena hutazama jinsi maneno yanavyojengwa. Hata hesabu zina mtego, kwa maana sita, saba na tisa zetu tuliziazima kwa Waarabu. Lakini tatu na nne ni zetu. Hebu tuzifuate hizo mbili.

Kwa Kiswahili twasema tatu na nne. Kwa Rutooro, lugha ya nyumbani kwangu, twasema isatu na ina. Waganda husema ssatu na nnya. Sasa vukeni Kongo, vukeni Kameruni, ingieni Nijeria. Waefik wa Calabar husema ita na inang. Waigbo husema atọ na anọ. Na Atyap, walio jirani za Waadara kule kusini ya Kaduna, husema tat na naai. Rafiki yangu alisoma na vijana wa Atyap, nao ndio waliomfundisha. Aliponitajia tat na naai niliweka kijiko chini. Kutoka Kaduna hata Fort Portal ni safari ya siku nyingi, lakini neno limefika.

Lakini Mhausa husema uku na huɗu. Tena sita kwao ni shida, jambo lililotuchekesha sana, maana kwetu shida si sita tu, ni nyingi.

Sababu yake ni hii. Kihausa ni cha jamaa moja na Kiarabu, Kiamhara na Kiberberi, ingawa udugu huo ni wa mbali. Kiadara ni cha jamaa nyingine kabisa. Wataalamu hukiweka katika kundi la lugha za Plateau, yaani lugha za uwanda wa juu wa katikati ya Nijeria, na kundi hilo ni tawi la jamaa kubwa iitwayo Benue-Kongo, kwa jina la mito miwili mikubwa. Katika jamaa hiyo hiyo ya Benue-Kongo ndimo zilimo lugha zote za Kibantu: Kiswahili, Rutooro, Luganda, Kikikuyu, Kizulu na nyinginezo mamia. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Joseph Greenberg ndiye aliyelieleza jambo hili kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1963. Wataalamu wengi leo hukubali kwamba babu zetu waliosema lugha ya kwanza ya Kibantu walikaa karibu na mpaka wa Nijeria na Kameruni, wakaanza kutawanyika yapata miaka 4000 au 5000 iliyopita.

Kwa hiyo Kiadara si mzazi wa Kiswahili, wala Kiswahili si mzazi wa Kiadara. Ni binamu wa mbali. Babu wa wote ni mmoja. Watoto wengine walibaki karibu na nyumbani, wengine wakafuata misitu na mito mpaka wakafika kwetu. Nao, kama jamaa zao wa kundi la Plateau, hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, jambo ambalo Kiswahili kimeliacha lakini Waganda na Wakikuyu wangali nalo.

Kihausa kilivyoenea

Msidhani kwamba nakishutumu Kihausa. Ni lugha kubwa yenye sifa. Wafanyabiashara wa Kano, Katsina na Zaria waliipeleka mbali hata kabla ya wazungu kuja. Baadaye serikali ya Kiingereza ikaitumia katika kazi zake kaskazini ya Nijeria. Gazeti la Kihausa lijulikanalo kwa jina la Gaskiya Ta Fi Kwabo lilianza mjini Zaria mwaka 1939. Na redio ya BBC ilianza matangazo ya Kihausa mwaka 1957, mwaka ule ule ilipoanza matangazo ya Kiswahili. Kazi ifanywayo na Kiswahili kwetu ndiyo ifanywayo na Kihausa kwao: Mwadara akikutana na Mtyap au Mbajju sokoni, wataelewana kwa Kihausa.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya sokoni na ya safari, wala hakuna aliyetutawala hapa kwa jina la Waswahili. Kwao Kihausa kilikuja pamoja na utawala. Baada ya vita vya jihadi vilivyoanza mwaka 1804, Zaria ikawa chini ya ma-emiri wa Kifulani, na watu wa kusini wakashambuliwa mara kwa mara, wengi wakachukuliwa utumwani. Waingereza walipoishika Zaria mwaka 1902 hawakuliondoa jambo hili la utawala. Walitawala kwa mkono wa Emiri, na wakuu wa wilaya wakatumwa kutoka Zaria kwenda kuwatawala watu wa kusini na kukusanya kodi. Ndiyo sababu kwa Mwadara mzee, lugha ya mkuu wa wilaya na lugha ya soko ni moja, na haiwezi kuwa kitu chepesi kwake.

Nijeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba, 1960. Jimbo la Kaduna likapata jina lake hilo mwaka 1976. Lakini kwa miaka mingi watu wa kusini waliendelea kudai wawe na watawala wao wenyewe. Mwanzoni mwa karne hii serikali ya jimbo ilikubali kufanya milki kadhaa, na mojawapo ikawa milki ya Waadara, chini ya Agom Adara. Jina lao wenyewe sasa likaandikwa katika karatasi za serikali.

Mwezi wa Oktoba, 2018

Sasa nitaeleza jambo la huzuni, na nitalieleza kwa ufupi.

Tarehe 18 Oktoba, 2018, palitokea mapigano sokoni Kasuwan Magani baina ya vijana wa pande mbili, Waadara Wakristo na Wahausa Waislamu. Hesabu iliyotangazwa kwanza ilikuwa ya watu 55 waliouawa. Kesho yake, tarehe 19, Agom Adara, Dr. Maiwada Raphael Galadima, alitekwa nyara njiani. Siku zikapita watu wakingoja. Tarehe 26 habari zikaja kwamba ameuawa.

Siku hizo rafiki yangu hakupika wala hakula vizuri. Simu yake ilikuwa mkononi usiku kucha. Asubuhi ile babu yake mdogo alipiga simu kutoka kijijini, akasema naye kwa Kiadara, maana yule mzee alipokuwa na majonzi hakutaka kusema lugha nyingine. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni. Nilimsikia rafiki yangu akiitika kwa neno moja moja tu, kisha akaanza kujibu kwa Kihausa, kisha akanyamaza. Simu ilipokwisha aliniambia, "Niliyaelewa yote aliyosema. Lakini maneno ya kumpa pole mzee wangu sikuwa nayo."

Yeye alizaliwa na kukulia mjini Kaduna. Baba na mama walisema Kihausa na watoto ili wasipate taabu shuleni wala mtaani. Siku nyingine nilimwomba anihesabie kwa Kiadara mpaka kumi. Alifika sita, akasita, akamaliza kwa Kihausa. Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 damu ilimwagika tena katika wilaya ya Kajuru, na waliokufa walikuwa Waadara na Wafulani pia. Mama anayelia mtoto wake halii kwa kabila. Nimeyataja haya kwa sababu huwezi kueleza habari za watu hawa leo ukayaacha. Tena, mwaka ule ule wa 2018 serikali ya jimbo iligawa milki ya Adara kuwa milki mbili, moja kwa jina la Kajuru na moja kwa jina la Kachia. Jina la Adara likaondoka katika milki. Wengi wa Waadara walilipinga jambo hilo, nami nikikumbuka maneno ya rafiki yangu juu ya jina alilopewa na jirani, nafahamu kwa nini.

Lugha na shule

Nijeria ina lugha zaidi ya 500. Kiingereza ndicho lugha ya serikali, na Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo huhesabiwa kuwa lugha kubwa za nchi. Lugha kama Kiadara zina nafasi gani darasani? Mwezi wa Novemba, 2022, serikali ilipitisha mpango kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya mama katika miaka sita ya kwanza ya shule. Wengi walifurahi. Lakini kutangaza ni rahisi. Kupata walimu na vitabu kwa lugha mamia ni kazi nyingine. Mwezi wa Novemba, 2025, mpango huo ulifutwa, na Kiingereza kikarudishwa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo.

Kwa hiyo mtoto wa Mwadara wa mjini hupata Kiingereza darasani na Kihausa mtaani. Kiadara kimebaki na mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni mlango wa nyumbani. Wazazi wakiufunga, hakuna mwingine wa kuufungua.

Jambo hili lanihusu nini?

Huenda msomaji mmoja anauliza: haya ya Nijeria yatuhusu nini sisi? Nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe.

Desemba ya mwaka ule wa 2018 nilikwenda nyumbani Fort Portal. Sisi Watooro, kama ndugu zetu Wanyoro, tuna desturi ya empaako. Kila mtu, pamoja na jina lake, hupewa moja ya majina machache ya heshima na mapenzi, kama Amooti, Akiiki, Adyeeri, Abwoli, Atwoki au Araali. Ukimsalimu mtu humwulizi jina. Wamwuliza empaako yake, kisha wamwamkia kwayo. Kumsalimu mzee bila empaako ni kama kumpita njiani. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hii katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kuokolewa upesi.

Siku ile dada yangu alikuja kutoka Kampala pamoja na binti yake wa miaka sita. Nyanya yetu akamwita mtoto, akamwuliza empaako yake. Mtoto akamtazama mama yake, akauliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?" Sote tukacheka. Nyanya hakucheka. Alimshika mtoto mkono, akatuuliza sisi wakubwa, "Huyu mmemleta kunisalimu, au mmemleta nimtazame?"

Nilimkumbuka rafiki yangu mlangoni na simu yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari za Waadara ni habari zetu. Hapakuwa na emiri aliyemkataza mtoto yule Rutooro, wala jirani aliyempa jina. Sisi wenyewe ndio tuliofunga mlango, tena kwa nia njema.

Sisemi kwamba kuazima ni aibu. Wataalamu husema hata majina ya empaako asili yake ni Kiluo, nasi leo hakuna awezaye kutwambia kwamba si yetu. Kiswahili kimeazima kwa Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza, na kimenenepa. Anayeazima shati bado yupo, isipokuwa sasa ana shati. Hatari ni kwa yule aliyesahau nyumbani kwao na kuhamia kwa jirani, kisha jirani naye akamwambia, "Wewe si wetu." Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Rafiki yangu alimaliza masomo akarudi kwao. Ameniandikia kwamba siku hizi kila akienda kijijini hukaa na babu yake mdogo akiwa na daftari, na yule mzee humtajia maneno: ya mwili, ya shamba, ya mvua, na ya kumpa pole aliyefiwa. Haya ya mwisho, asema, ndiyo aliyoyaomba kwanza. Hesabu sasa anafika kumi bila kusita.

Nami nina ombi kwenu, nanyi mko karibu kwenda likizo. Kila mmoja achukue daftari, aende kwa mzee wa nyumbani, aandike mambo matatu. Kwanza, hesabu toka moja mpaka kumi kwa lugha ya kwao. Pili, jina ambalo watu wake wanajiita wenyewe, na jina ambalo majirani huwaita. Tatu, maneno ya kumpa pole mtu aliyefiwa. Mkirudi, wekeni madaftari hayo pamoja juu ya meza moja. Katika bweni moja la shule hii mna lugha zisizopungua saba. Mtaona ninyi wenyewe wapi tatu inafanana na wapi haifanani, na mtajua nani ni binamu na nani ni jirani tu, na jirani naye apewe heshima yake.

Na mkikutana na mgeni, msimpe jina kwa kusikia anavyosema kwenye simu. Mwulizeni. Mimi ilinichukua miezi mitatu, na ningali naona haya.